Barua kwa Neema: Ripoti Isomwe Kijijini Kwanza

Kongwa, Dodoma
10 Novemba 2024

Mwanangu Neema,

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Mvua bado. Mawingu yanajikusanya alasiri juu ya milima ya Kiboriani, tunaanza kuanua nguo, kisha yanatawanyika. Baba yako amekwisha kusafisha shamba la uwele, na la alizeti anamalizia. Mdogo wako Yohana anaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne wiki hii, mwombee. Mama yako mdogo naye alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni mpya ya umeme, na tangu afike hana hadithi nyingine.

Rasimu ya ripoti yenu ya mwaka niliipata kwenye simu. Maandishi yalikuwa madogo, nikamtuma Yohana kwa mwenye steshenari akaichapishe, nami nikaisoma yote kwa kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikikagua daftari lako ulipokuwa darasa la tatu. Nimefurahi, mwanangu. Kuona mtoto wa kaka yangu anaaminiwa kuandika habari za shirika zima la tiba ya macho, shirika lisilotafuta faida, linalofika vijiji ambavyo hata basi halifiki, ni jambo la kumshukuru Mungu. Kiswahili chako ni kizuri. Hesabu umezipanga vizuri. Namba zenu sina shaka nazo.

Lakini nina neno, na nalisema mapema kwa sababu nakupenda. Katika kurasa zote zile, anayetenda ni shirika. Shirika limetibu, shirika limepasua, shirika limeelimisha, shirika limewafikia. Wanakijiji umewaita wanufaika, nao hawafanyi lolote humo ila kupokea na kushukuru. Mtu asiyetujua akisoma ataamini kwamba gari lilikuja, likashusha afya, likaondoka. Neema, ugonjwa wa vikope haukuwahi kupungua katika nchi yetu kwa namna hiyo, na mimi nilikuwapo. Kaa nikueleze, kisha uirudie kazi yako ukiwa umejua.

Bibi yako mzaa baba wewe ulimkuta akiongozwa kwa fimbo. Mimi nilimkuta akiona. Alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichofuliwa na mhunzi, amekifunga kwa uzi kwenye pindo la kanga yake ili kisipotee. Jioni, jua likiwa limeinama na mwanga unaingia vizuri mlangoni mwa tembe, alikuwa akikaa kwenye kigoda, anavuta kope la juu kwa kidole, na kuniita nimwangalizie. Nilikuwa sijaanza shule. Ninamwonyesha unywele ulipo, anaung'oa, anafumba jicho, chozi linatiririka, ananishukuru. Baada ya siku chache unaota tena, mfupi na mgumu kuliko ule wa kwanza, na unachoma zaidi. Tulifanya hivyo miaka. Mwisho wake ikawa mimi ninayemwonyesha unywele ndiye pia ninayemwonyesha njia ya kwenda kisimani.

Wakati ule tulisema ni uzee, wengine wakasema ni moshi wa jikoni. Nilipokwenda kusomea uuguzi ndipo nikaelewa. Kinacholeta vikope, au trakoma kama mnavyoandika nyie, ni bakteria wa klamidia. Wanahama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa pindo la kanga moja linalofuta nyuso za watoto wanne, na kwa inzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Inzi wenyewe huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena miaka yote ya utoto, upande wa ndani wa kope unaweka makovu. Ukubwani makovu yanakakamaa na kulivuta kope ligeukie ndani, na kila anapopepesa, nywele zinaikwaruza mboni mpaka inafanya ukungu. Ndiyo maana wanaopofuka zaidi ni kina mama: wao ndio wanaolala na kuamka na watoto wadogo. Kovu lililompofusha bibi yako lilianza akiwa mtoto mwenye uso usionawishwa, na likaongezwa na sisi wanawe aliotulea.

Sasa nikupeleke kwenye historia yenu, maana mtu asiyejua alikotoka hajui anachokirithi. Dodoma imekuwa na kazi ya macho muda mrefu kabla shirika lenu halijazaliwa. Katika hospitali ya Mvumi, ya Kanisa Anglikana, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Allen Foster alitibu macho kuanzia mwaka 1975 hadi 1985. Yeye na wenzake ndio waliosaidia kuonyesha jinsi surua na upungufu wa vitamini A vilivyokuwa vikipofusha watoto wa Tanzania. Baadaye chanjo ya surua ilipoenea, na matone ya vitamini yakaanza kutolewa, upofu ule ulipungua sana. Tafakari jambo hilo. Muuguzi aliyechanja hakuandikwa kwamba ameokoa jicho la mtu, na mtoto asiyepofuka haji hospitalini kushukuru. Sehemu kubwa ya mafanikio katika kazi yenu ni ya namna hiyo, haionekani kwa sababu ubaya haukutokea.

Katikati ya miaka ya 1980 ukaja huku kwetu mradi wa vikope wa Kongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, kina Hugh Taylor na Sheila West, walizunguka vijiji pamoja na wataalamu wa Kitanzania, wakigeuza kope za watoto na kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Walipima umbali wa kisima na kiasi cha maji yanayoletwa nyumbani. Sisi wenyeji tulikuwa tumekwisha kutoa jibu: shida ni maji. Nani asiyejua kwamba kiangazi huku mama anaamka usiku wa manane kwenda kufukua mchanga kwenye korongo? Lakini walichokuta ni kwamba kiasi cha maji yaliyoingia nyumbani peke yake hakikuwa ndicho kinachotenganisha watoto wenye vikope na wasio navyo. Palikuwa na nyumba zenye maji machache na nyuso safi, na nyumba zenye maji ya kutosha na nyuso chafu. Jambo lilikuwa katika matumizi: maji yale yamepangiwa kazi gani, na nani aliyepanga.

Hapo ndipo walipokaa na Wagogo, wenyeji wa huku, kuzungumza, na mazungumzo yale yalikuwa tiba kubwa kuliko dawa waliyobeba. Ilionekana kwamba mama hana uhuru wote juu ya maji na muda wake. Akionekana anamwaga maji kwenye uso wa mtoto, ambaye baada ya kitambo atachafuka tena, mume atasema, mama mkwe atasema, na majirani watasema. Kumfundisha mama peke yake ilikuwa kumtwisha lawama asizoweza kuzibeba. Ikabidi wazee waitwe, wanaume wakae, jambo la uso wa mtoto lizungumzwe mbele ya kijiji, likubaliwe, ndipo mama anawishe bila kuogopa macho ya watu. Penye wazee haliharibiki neno.

Matokeo yake yalitoka katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1995. Walichukua vijiji 6 na watoto 1,417 wa umri wa mwaka 1 hadi 7. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya kupaka. Vitatu kati ya hivyo vikaongezewa kazi ya kuhimiza kunawa uso, iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji vitatu vilivyonawisha, na waliofaidika kuliko wote ni watoto waliokutwa na uso safi kila walipotembelewa. Dawa ililetwa na mradi. Uso safi wa kila siku uliletwa na mama aliyejibana maji, na baba aliyekubali. Leo nchi nyingi duniani zinapopambana na vikope, zinatumia mambo manne kwa pamoja: upasuaji, dawa, usafi wa uso na usafi wa mazingira. Lile la tatu lina jasho la watu wa Kongwa. Je, umewaandika?

Halafu ikaja dawa ya kumeza. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na wakfu wa Edna McConnell Clark walianzisha mpango wa kimataifa wa kupambana na trakoma, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tano za mwanzo kupokea msaada wa azithromaisini. Dozi moja badala ya kupaka marhamu wiki hadi wiki. Nilikuwa muuguzi wa zahanati wakati kingatiba hiyo ilipoanza kugawiwa. Tulikuwa na mti uliowekwa alama. Mtoto anasimama wima kando yake, tunaangalia urefu, tunajua kipimo chake. Dawa ilitoka Marekani, sawa, ni sadaka ya kushukuriwa. Lakini kwenye ndoo za maji ya kumezea palikuwa na mama aliyeyachemsha usiku. Kwenye daftari palikuwa na kijana wa kijiji anayejua nani amekwenda kuchunga, nani amejificha ndani ya tembe kwa kuogopa uvumi, na nani ni mjamzito ambaye hajamwambia mtu. Bila kijana yule sanduku la dawa lingerudi wilayani limejaa.

Na hata pale kila kitu kilipokuwa bure, bure peke yake haikutosha. Nakumbuka siku moja ya upasuaji wa kope hapo zahanati. Meza ilikuwa tayari, ganzi ipo, mpasuaji amekuja, na upasuaji wenyewe ni mfupi, mtu anarudi nyumbani siku ileile. Walioandikishwa hawakutokea. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Mmoja ananiambia, wajukuu nitamwachia nani? Mwingine, nikifungwa kitambaa machoni nani atateka maji kesho? Mwingine mume yuko mnadani na hajaulizwa. Wa nne aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amezoea kung'oa, na anaogopa kisu kuliko anavyoogopa upofu. Watafiti waliochunguza jambo hilohilo hapa katikati ya nchi walikuta sababu za namna hiyo: mwendo, gharama ndogondogo, mtu wa kumsindikiza, watoto wa kuachwa nyumbani.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa amekwisha kupasuliwa. Alipita kwao akiwa amefunua jicho lake, akawaambia, nitazameni, nalala usiku mzima siku hizi. Na jirani wa yule mwenye wajukuu akasema, walete kwangu, watakula ugali wangu mpaka urudi. Wakaja. Kwenye taarifa ya wilaya iliandikwa idadi ya kope zilizopasuliwa, na ilikuwa sahihi. Lakini mimi najua kwamba siku ile bila yule mama na bila sufuria ya yule jirani idadi ingekuwa sifuri. Hawamo katika ripoti yoyote. Hilo limenikaa moyoni, na ndilo nakutuma uliondoe katika kizazi chako.

Basi nisikilize, mwanangu, nikupe maneno ya kufanyia kazi. Na wenzako wa ofisini wakitaka kuisoma barua hii, wape, sina la kuficha.

La kwanza, usiingie kijijini kabla hujaketi na mwenyekiti, wazee na mabalozi wa nyumba kumi, na ukiketi usiwe wa kwanza kusema. Uliza kwanza wamejaribu nini wao wenyewe. Utakuta kuna mwalimu aliyefunga kibuyu chirizi cha kunawia nje ya darasa kwa fedha yake, au kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa ambacho kimekubaliana kila mwanachama achimbe choo. Anzia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayefika na majibu mkononi humwacha mwenyeji na ugonjwa wake uleule.

La pili, usimwaibishe mama kwa uso wa mtoto wake. Nimeona vijana wa miradi wakimwinua mtoto mwenye tongotongo mbele ya mkutano kama mfano mbaya. Usifanye hivyo hata siku moja. Mimi nilikuwa nachukua kopo la nusu lita, natia maji mbele ya watu, naomba mtoto mmoja mmoja apite, namnawisha kwa kumwagia kidogokidogo. Watoto wote waliokuwapo wanapita na maji yanabaki chini ya kopo. Wanaume wanatazama kopo, wanatazamana. Hapo hakuna aliyetukanwa, na kila mtu amehesabu mwenyewe kwamba kunawa uso hakumalizi dumu.

La tatu, picha. Ukurasa wa saba umeweka picha ya bibi mmoja mwenye macho yanayotoka machozi, na pembeni daktari wenu anatabasamu. Je, bibi yule alielezwa picha itakwenda wapi? Alikubali akiwa anaelewa, au alikubali kwa kuwa alikuwa anasubiri kutibiwa? Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za ugonjwa wa mtu zinalindwa humo. Lakini hata isingekuwapo sheria, yule ni bibi wa watu. Mpigie picha akiwa anapepeta uwele baada ya kupona, ukitaka, na jina lake lisiandikwe pasipo ridhaa yake.

La nne, andikeni na yale yasiyopendeza. Kope lililopasuliwa linaweza kurudi kugeukia ndani. Hilo kila mpasuaji analijua, na ndiyo maana mgonjwa anatakiwa aangaliwe tena kati ya miezi 3 na 6. Umeandika wangapi wamepasuliwa. Wangapi mmewarudia? Wangapi kope zimewarudi? Wangapi walikataa, na kwa sababu gani? Mfadhili mwema hataogopa maswali hayo, atawaamini zaidi. Na asiyetaka kuyasikia, huyo anatafuta sifa, na sifa haina jicho la kutibu.

La tano ni la fedha. Najua mshahara wa mashirika haya wakati mwingine unachelewa, na najua vishawishi vya posho za safari na risiti za mafuta. Mikono yako iwe safi. Dawa iliyotolewa bure iende bure mpaka kwenye ulimi wa mtoto. Ukiona inauzwa mahali, sema, hata kama anayeuza ni mkubwa wako. Sisi hatukukulea uwe mtu wa kunyamaza.

Ninakusisitizia haya kwa kuwa kazi haijaisha. Kulikuwa na ahadi ya dunia nzima ya kutokomeza vikope ifikapo mwaka 2020, tukavuka mwaka ule bila kufika, sasa tarehe imesogezwa hadi 2030. Hata hivyo wapo waliofika. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012. Ghana, iliyoanza nasi katika zile nchi tano, ikathibitishwa mwaka 2018. Jirani zetu Malawi wakafuata mwaka 2022. Kipimo kinajulikana: dalili za vikope zishuke chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9, na wenye kope zilizogeuka ambao huduma za afya bado hazijawafikia wawe chini ya asilimia 0.2 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Huku kwetu hali ya leo haifanani na ile ya utoto wangu, nami namshukuru kila aliyeitolea jasho. Lakini zipo wilaya ambazo bado, hasa za wafugaji kama Ngorongoro na Longido, na mahali palipoachwa mapema ugonjwa unaweza kurudi. Malawi si tajiri kuliko sisi. Wameweza, nasi tutaweza, ila tutaweza kijiji kwa kijiji, na mwenye kijiji akiwa mbele.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuagiza juu ya ripoti yako. Kabla hujaituma kwa wafadhili, na kabla haijatafsiriwa kwa Kiingereza na kutiwa rangi, ichukue kwa Kiswahili hichohicho uende nayo katika kijiji kimoja mlichofanyia kazi mwaka huu. Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Isome kwa sauti, na ukifika sehemu inayowahusu wao, taratibu. Uliza: hivi ndivyo ilivyokuwa? Watakusahihisha. Mmoja atasema, tundu zile za choo mlizoandika mmechimba ninyi, tulichimba sisi, ninyi mlileta saruji. Mwingine atasema, bomba mlilolipiga picha lilikauka mwezi wa nane. Mzee mmoja atauliza mbona jina la kijiji limekosewa. Andika yote, rudi ofisini, rekebisha. Badala ya "wanufaika" utajikuta unaandika balozi, mwalimu, mama wa kikundi, mgawa dawa, jirani aliyewapikia watoto wa mwenzake. Ripoti itakuwa ndefu kidogo, na mkuu wako huenda akanung'unika. Mwambie shangazi yako ndiye aliyekutuma.

Faida yake ni kubwa kuliko adabu tu. Kijiji kilichosikia kazi yake ikitajwa kitailinda kazi hiyo gari lenu litakapokuwa halipiti tena. Shirika lina mwisho. Mradi una tarehe ya kufungwa, wafadhili hubadili mawazo, magari huuzwa kwa mnada. Watakaobaki na watoto wale ni wazazi wao. Wakijua kwamba nyuso zile safi ni mafanikio yao wenyewe, hawatangoja kukumbushwa kuwanawisha.

Nafunga hapa maana Yohana anataka taa asome. Kula vizuri, usilale na njaa kwa ajili ya kazi, na ukija Krismasi uje na nakala moja ya ripoti ikiwa imesahihishwa, nimsomee baba yako. Shukuru wenzako kwa niaba yetu. Kazi wanayoifanya ni njema, na hatuisemi ila kwa kuitakia mema. Lakini neno langu ni moja nalo halibadiliki: usiitume ripoti hiyo popote kabla wenye kijiji hawajaisikia na kukubali kwamba ni kweli.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.